Roma haisomeki kwenye slaidi

(Haya ndo niliyowaambia vijana wanaosubiri kwenda kusoma nje. Siku ile mvua ilikuwa kubwa, wengi hawakufika ukumbini, wakaniomba niandike. Nimeandika vile vile nilivyosema, salamu tu ndo nimezipunguza.)

Assalamu alaykum wote. Walimu wangu shikamooni, wazazi mliokuja na watoto wenu ahsanteni sana, na nyinyi wadogo zangu hongereni, skolashipu si kitu cha mchezo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kusoma sanaa na usanifu wa majengo kwenye mji wa kale wa nchi ya watu. Mi nilikwenda Roma, semista moja tu, Februari mpaka Juni, kabla ya korona, nikiwa mwaka wa tatu. Miezi mitano. Na ndani ya miezi mitano hiyo nilijifunza jambo moja ambalo miaka mitatu ya darasani sikulipata, kwamba jengo linataka ukae nalo, ukae hasa, siyo upite, na leo nakuja kuwaomba hilo tu, mkifika huko kaeni.

Wiki ya kwanza sikukaa. Nilikimbia. Mimi na wenzangu wawili tulizunguka mji mzima, asubuhi Colosseum, mchana Vatican, jioni chemchemi ya Trevi, na kila tukifika ni simu juu, picha, twende. Nilikuwa na picha zaidi ya mia sita kwenye simu. Ijumaa profesa wetu akatukusanya akauliza swali dogo tu, mlango wa Pantheon, lile hekalu la kale la Warumi lenye kuba, unaangalia upande gani? Darasa zima kimya. Tumeshaingia humo sote, tumepiga picha sote, na hakuna aliyejua. Na mimi niliumia zaidi ya wenzangu maana mi kila siku nilikuwa natafuta kibla chumbani kwangu, nimeshajua kuwa ukiwa Roma unaelekea kusini mashariki, yaani pande za mji nilikuwa nazo kichwani lakini sikufikiria kulipima jengo kwa pande hizo.

Mlango unaangalia kaskazini. Manake jua karibu halina njia ya kuingilia mlangoni, linaingia kwa juu, kwenye lile tundu la katikati ya kuba, tundu la wazi halina kioo wala kifuniko, upana wake mita 8 na zaidi. Mchana wa siku za baridi duara la mwanga linabaki juu kule ndani ya kuba halishuki, kiangazi linashuka mpaka sakafuni, na karibu na tarehe 21 Aprili, siku ambayo Warumi walisherehekea kuzaliwa kwa mji wao, mchana jua likiwa juu kabisa mwanga unaanguka mlangoni penyewe. Nilikuwepo siku hiyo. Watu walisimama mlangoni wakawa wanang'aa kama wamewashiwa taa, na hapo ndo nikaelewa kwa nini profesa aliuliza mlango unaangalia wapi, maana bila kujua hilo hujui lolote.

Baada ya swali lile tukapewa sharti. Jengo moja, saa nzima, simu kwenye mkoba, karatasi na penseli tu. Dakika ishirini za mwanzo ni mateso, nawaambia kweli, mkono unataka simu. Baadaye macho yanatulia, na ukishatulia unaanza kuona vitu ambavyo vilikuwepo muda wote.

Mimi nilikaa nje ya Pantheon kwenye ngazi za chemchemi nikawa nachora ule uso wa mbele. Maandishi pale juu yanasema Marcus Agrippa mwana wa Lucius ndo kajenga, konsuli mara tatu, yaani kashika kile cheo kikubwa cha uongozi wa Roma mara tatu, na ukisoma hivyo utadhani jengo ni la Agrippa, kumbe lake liliungua, hili tunaloliona ni la wakati wa Mfalme Hadrian, karne ya 2, yeye akaacha jina la mwenzake juu ya mlango. Sasa nachora ile pembetatu kubwa inayokaa juu ya nguzo, nafika nyuma yake kwenye ule ukuta unaounganisha baraza ya mbele na duara la nyuma, naona kuna mstari wa pembetatu nyingine! Iko juu zaidi, imekatwa, haina kazi yoyote. Nikafuta nikidhani nimekosea. Nikatazama tena, ipo. Nikamwita profesa akacheka kwa furaha akaniambia wataalamu wengine wanaamini baraza ile ilipangwa iwe ndefu zaidi, nguzo kubwa zaidi zikaagizwa Misri, hazikufika, ikabidi mafundi watumie hizi fupi na mstari wa mpango wa mwanzo ukabaki ukutani mpaka leo. Hizo fupi zenyewe kila moja ni jiwe zima la granaiti, urefu karibu mita 12, uzito unakadiriwa tani 60, zimetoka jangwani Misri zikashushwa mto Nile zikavushwa bahari. Miaka karibu 1,900 mbele ya macho ya watu, na mi nilikuwa na picha 30 za uso ule na sikuwa nimeuona.

Na kuna nyuki. Ukisimama unaitazama Pantheon, nguzo za upande wa kushoto zimewekwa upya karne ya 17 kwa sababu za zamani ziliharibika, na kwenye kichwa cha nguzo ya pembeni fundi kachonga nyuki, alama ya ukoo wa Barberini, ukoo wa Papa Urban VIII aliyeamuru matengenezo. Utaiona ukiinua kichwa ukangoja.

Ndani sasa. Kuba lina upana wa mita 43.3, na kutoka sakafuni mpaka kwenye tundu ni mita 43.3 vile vile, yaani mpira mzima ungeweza kukaa humo ndani ukagusa chini. Mpaka leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo lililo kubwa kuliko hilo duniani. Sasa hebu nyinyi watoto wa Mji Mkongwe fikirini na vyumba vyetu. Chumba cha nyumba ya mawe kina upana gani? Mita mbili na nusu, tatu hivi, kwa nini, kwa sababu boriti ya mkoko ndo inapofikia. Nyumba zetu ni nyembamba na ndefu kwa sababu mti umesema hivyo. Nilikulia kwenye chumba cha namna hiyo, mikono yangu ya utotoni imezoea kugusa ukuta huu na ule, halafu nikasimama chini ya mita 43 ambazo hazina hata nguzo moja katikati. Nilihisi kifua kinafunguka, wallahi. Hisia hiyo haimo kwenye slaidi. Kwenye slaidi namba 43.3 ni ya kukariri kwa mtihani tu, pale unaipima kwa mwili wako.

Basi nikataka kujua limesimamaje. Jibu ni zito chini jepesi juu. Chini kabisa ukuta una unene wa mita 6, kule juu karibu na tundu ni mita moja na kidogo. Na zege lenyewe halifanani, chini wamechanganya kokoto za mawe mazito, wakipanda wanatia vipande vya matofali na mawe mepesi, juu kabisa wametia pumisi, lile jiwe la volkano lenye matundu linaloelea majini. Vile visanduku vilivyochongwa ndani ya kuba, safu 5 kila safu visanduku 28, navyo vinapunguza uzito. Na mvua ikinyesha inaingia, mi nilingoja makusudi siku ya mvua niione, inaanguka katikati kama uzi, sakafu imeinuliwa kidogo katikati maji yakimbie pembeni, kuna vitundu 22 vya kuyapokea. Fundi alijua mvua itaingia akaiwekea njia.

Hapa niseme kuhusu babu yangu kidogo, mnisamehe. Babu alikuwa mwashi. Kazi yake yote ni chokaa, matumbawe yanachomwa kwenye kuni mpaka yageuke, yanamwagiwa maji, chokaa inalazwa shimoni siku nyingi, halafu inachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Tukiwa wadogo alikuwa akitushika mkono anatupitisha ukutani anasema sikia, huu umekauka vizuri, huu bado una maji. Sisi tulikuwa tunachoka, tunataka kwenda kucheza. Roma nilifika kwenye magofu ya Ostia, mji wa bandari wa zamani, nje kidogo ya Roma, kuna kuta zimekatika unaona tumbo la zege lote, nikaweka mkono. Kuna vidonge vyeupe vya chokaa ndani, vidogo kama punje za mtama. Ni vile vile! Ukuta wa babu ulikuwa navyo. Tofauti ni kwamba Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano, ndo yanayofanya zege lao ligande hata ndani ya maji, lakini chokaa ni chokaa. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yao kuwa vidonge vile vinasaidia nyufa zijizibe zenyewe maji yakipita, na miye nilisoma habari ile nikalia, kwa sababu babu kashafariki na sikuwahi kumuuliza vile vya kwake vilitokana na nini. Muulizeni mzee aliyebaki mtaani kwenu kabla hamjapanda ndege.

Turudi. Kwenye uchoraji nitapita haraka isipokuwa sehemu moja. Kuna kanisa linaitwa San Luigi dei Francesi, hatua chache kutoka Pantheon, kuingia bure, na ndani pembeni kushoto kuna kijichumba chenye picha tatu za mchoraji Caravaggio kuhusu Mtakatifu Mathayo, zile mbili za kuta za pembeni ni za 1599 na 1600. Kuna giza, unatia sarafu kwenye kisanduku, taa inawaka dakika chache inazima. Watu wanatia sarafu wanapiga picha wanaondoka. Mi sikuwa na sarafu siku hiyo nikabaki gizani, na kwa kubaki gizani ndo nikaona. Kijichumba kina dirisha juu ya madhabahu, na kwenye picha ya wito wa Mathayo, ile ya ukuta wa kushoto, mwanga unatoka kulia, upande ule ule wa dirisha. Mchoraji alichora akijua picha itaning'inia wapi na jua la dirisha lile linatoka wapi! Kwenye kitabu picha hiyo imekatwa imetolewa nyumbani kwake, haina dirisha, mwanga wake unakuwa kama umetoka hewani tu.

San Clemente. Hili nendeni hata kama hamna pesa ya chakula cha mchana, kushuka chini unalipia lakini lipieni. Unaingia kanisa la karne ya 12. Unashuka ngazi, unakuta kanisa lingine chini yake, la karne ya 4. Unashuka tena, unakuta nyumba za Kirumi za karne ya 1 na chumba cha ibada ya Mithras, mungu wao mmoja wa zamani, na kule chini kabisa unasikia maji yanapita, maji hasa, yanakimbia gizani. Aliyeanza kuchimba ni padri wa Ireland, Joseph Mullooly, mwaka 1857. Kwenye ukuta wa kanisa la kati kuna mchoro wa mwisho wa karne ya 11 ambapo watu wanavuta nguzo na maneno yao yameandikwa pembeni yao, tena siyo Kilatini cha kanisani, ni lugha ya mtaani ya siku zile, na matusi ndani! Ni katika maandishi ya zamani kabisa ya Kiitaliano kama watu walivyokiongea.

Nikiwa kule juu kwenye kanisa la karne ya 12 ndo kichwa kikanigonga. Kizimkazi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani pale kusini kwetu una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu, yaliyochongwa kwenye matumbawe, mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ina maana miaka ile ile mafundi wa Roma wanafukia kanisa la chini wanajenga la juu, fundi wa hapa alikuwa ameinama na patasi yake anachonga jiwe la bahari. Na msikiti wenyewe nao ni tabaka, maandishi ni ya zamani, kuta nyingi zimejengwa upya karne ya 18. Nimekwenda Kizimkazi mara ngapi mimi, na skuli, na shangazi, tukaona pomboo tukala tukarudi. Ilibidi nifike Roma chini ya ardhi ndo niutamani msikiti ulioko saa moja na nusu kutoka kwetu.

Ramadhani ilitukuta huko, mwezi wa Mei, kufunga karibu saa 17, maghrib saa mbili na nusu usiku. Ijumaa nilikuwa naenda Msikiti Mkuu wa Roma, kaskazini mwa mji, ulifunguliwa 1995. Ingieni, hata usiku. Nguzo zinapanda zinagawanyika kama vidole vya mkono, halafu mbavu zinapishana juu zinafuma kuba. Wiki mbili kabla tulikuwa tumechora San Carlo alle Quattro Fontane, kijikanisa cha msanifu Borromini alichoanza 1638, kidogo sana, watu wa Roma wanapenda kusema kingeingia ndani ya nguzo moja ya zile zinazobeba kuba la kanisa la Mtakatifu Petro kule Vatican, lakini ukuta wake unapinda kama kitambaa na kuba limejaa misalaba na pembe sita na pembe nane zinazozidi kuwa ndogo kwenda juu mpaka unadhani liko mbali kuliko lilivyo. Rangi hakuna, dhahabu hakuna, ni plasta nyeupe na mwanga. Tukatembea dakika chache barabara hiyo hiyo kwenye kanisa la msanifu mwingine, Bernini, Sant'Andrea al Quirinale, nalo la umbo la yai, marumaru nyekundu dhahabu kila mahali, na tukaambiwa chagueni. Mi nilichagua Borromini na bado nimo.

Sasa nimekaa msikitini nangoja hutuba, natazama juu, najiambia hii mistari naijua. Naijua wapi? Nilipokwenda kumuuliza profesa akaniambia msanifu wa msikiti ule alikuwa Paolo Portoghesi na wenzake, na Portoghesi huyo ametumia miaka mingi ya maisha yake kumchunguza Borromini na kuandika kumhusu. Yaani jicho lilitambua kabla sijafundishwa, kwa sababu mkono ulishachora. Ndo maana nawasumbua na penseli.

Kuna ramani moja ya Roma nayo lazima niitaje, ya Giambattista Nolli, 1748, kurasa 12 kubwa. Kila nyumba ya mtu binafsi kaipaka giza, barabara kaiacha nyeupe, lakini na ndani ya makanisa kaacha nyeupe, ndani ya Pantheon nyeupe, kwa sababu kwake mahali ambapo mtu yeyote anaingia ni sehemu ya njia. Nilipoiona nilifikiria baraza zetu, yule mzee aliyekaa kwenye baraza ya mtu na kahawa yake, yuko ndani au yuko njiani? Nolli angemchora wapi? Hilo ndo likawa andiko langu la mwisho, nilipima baraza za mitaa mitatu ya Mji Mkongwe nikazichora kwa rangi zake.

Mambo madogo madogo, yaandikeni. Makanisa mengi yanafungwa mchana kama saa sita mpaka saa tisa au kumi, pangeni ratiba. Mabega na magoti yafunikwe, sisi hilo si taabu. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure. Pantheon siku zangu ilikuwa bure, Julai 2023 watalii walianza kulipa, euro 5. Maji msinunue, mji una mabomba ya mtaani wanayaita nasoni, yako 2,500 hivi, yanatoa maji baridi ya kunywa, ziba mdomo wa bomba kwa kidole maji yanaruka kwenye kitundu cha juu unakunywa vizuri. Kibali cha kuishi kianzeni wiki ya kwanza, foleni ni ndefu. Jifunzeni Kiitaliano cha kuombea ruhusa, mzee anayelinda kanisa ukimsalimia kwa lugha yake anaweza kukufungulia mlango ambao hukujua upo.

Na wale mtakaopata wikiendi ndefu mkaambiwa twende Paris, twende Barcelona, tiketi ya ndege rahisi, mi siwezi kuwazuia. Mimi sikwenda. Nilirudi Pantheon. Nilikwenda mara 23, tarehe zote ziko kwenye daftari langu, na mara ya mwisho nilikuta kitu kipya kwenye sakafu.

Mnajua tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib ilianguka, watu wawili wakafariki. Jumba la Sayyid Barghash, la 1883. Tangu siku ile kila nikipita Forodhani naangalia kuta, natafuta unyevu, na mkono unakwenda wenyewe ukutani kama babu alivyotufundisha. Ndani ya ukumbi huu kuna watu labda watano ambao watarudi wanajua chokaa. Nataka wawe hamsini.

Kwa hiyo Jumamosi tunakwenda Kizimkazi, wote mnaosafiri na hata msiosafiri. Daladala tumekodi, tunaondoka saa moja kamili asubuhi Darajani. Kila mtu aje na karatasi ngumu, penseli mbili, kifutio na maji. Simu nitazikusanya mlangoni mimi mwenyewe, na kabla hatujaingia nitawauliza ukuta wa kibla unaangalia upande gani.